Nyekundu Huondoka Kwanza

Bi Nyanzobe alitaka damu.
"Filamu ya kutisha bila damu," alisema,
"ni pilau la harusi bila nyama.
Nani atatoa mia mbili yake kuja kutazama?"
Fundi Mhoja akafuta brashi kwenye paja la suruali,
suruali iliyobeba rangi ya kila duka la Kirumba,
akasema sawa mama, damu utaipata.

Mimi nilikuwa wa kushika kopo.
Miaka kumi na mitatu, kazi yangu kukoroga,
kunyamaza,
na kupima mafuta ya taa kwa kifuniko cha soda.

Plaiwudi mbili, misumari tisa.
Jina la filamu: YUPO NDANI.
Nikafungua kopo jeusi mapema, kwa kujipendekeza.
Hakuligusa.
Alichukua kijani, akakitia kahawia,
akakitia njano, njano ile iliyochoka,
mpaka ikatoka rangi ya maji ya pale mwaloni
magugu yanapoozea,
maji ambayo mama alinikataza hata kunawa miguu.
"Nyeusi ni usiku tu," akasema,
"na usiku kila mtu ameshalala nao."

Picha? Kitasa cha mlango. Basi.

Kisha herufi. Nilijua atazichuruzisha
kama wenzake wa Mlango Mmoja,
wanaoning'iniza matone chini ya kila neno
hata bango la zimwi na la bucha
uyatofautishe kwa kuuliza bei.
Yeye akapiga uzi wa chaki, mstari ukanyooka,
akaandika kwa mkono wa karani:
herufi nyembamba, safi, zenye adabu,
kama za barua inayokuita ofisini kesho saa mbili,
isiyosema kwa nini.
Ila kwenye NDANI, kati ya D na A,
akaacha pengo. Upana wa kidole gumba.

"Fundi, hapo umekosea."

"Hapo," akasema, bila kugeuka,
"ndipo anaposimama."

Sikulala vizuri siku tatu.

Jioni ile wadudu wa ziwani walipanda kama moshi,
wakafuata balbu, wakanasa kwenye rangi mbichi.
Kulipokucha herufi zilikuwa zimeota malaika,
si wale wa mbinguni,
hawa wa mkononi, wanaosimama ukiitwa jina gizani.
Nikachukua kitambaa. Akanishika mkono.
"Waache. Wamejileta."

Bi Nyanzobe alikuja, akaangalia, akasonya.
"Damu yangu iko wapi?"
Na mwenye pesa ni mwenye pesa.
Fundi akafungua nyekundu, ile ya bei,
akaimwaga juu mpaka chini, juu ya kitasa, juu ya pengo,
juu ya kila alichokuwa amekinyamazia.
Ukumbi ulijaa wiki nzima.
Watu walitoka wakicheka, wakitafuna karanga.

Fundi hayupo. Ukumbi nao haupo;
kila mtu ana wake mfukoni, anauchaji.
Mimi nachapa mabango Makoroboi,
kompyuta moja, fonti mia sita,
vijana wanakuja: dada, tuwekee ile ya damu.
Nabonyeza. Inachuruzika.
Kila A inalia chozi lile lile,
refu sawa, zito sawa, kama machozi ya kukodi.
Nachukua hela yangu. Sijivuni, sijutii,
ila mkono huwa unatafuta kopo.

Mwezi jana nilipita Kirumba.
Plaiwudi yetu sasa ni ubavu wa banda la kuku.
Nyekundu huondoka kwanza, hilo nililijua kazini,
jua huanza nayo kama mbuzi aanzavyo na ua.
Ilikuwa imekuwa waridi, imekuwa soksi iliyofuliwa,
imekuwa si kitu.
Kijani kilikuwa palepale. Herufi zilikuwa palepale,
na vijiguu vichache vya wadudu,
na pengo.

Mtoto wa kike alikuja na ndoo ya maji.
Alipokaribia lile banda akapunguza mwendo,
akahamia upande wa pili wa njia,
maji yakimmwagikia begani.

Nilimuuliza anasoma darasa la ngapi.
Akasema bado hajaanza.